Kupoti silinda hedi ya Toyota 4K nyumbani: mwongozo kamili, kutoka kufungua boluti mpaka kurudi barabarani

Hedi ya kwanza niliyoipoti, yaani kuzichonga upya njia zake za hewa na moshi, niliiharibu. Ilikuwa ya Corolla KE70, injini 4K, ile ya kabureta yenye cc 1290. Nilizipanua njia za kuingiza hewa mpaka kidole gumba kikapita bila kugusa ukuta, kisha nikazisugua zikang'aa kama sufuria mpya. Gari liliporudi barabarani lilikuwa zito kuliko mwanzo. Kutoka Sakina, hapa Arusha, kupanda kuelekea Ngaramtoni, mwinuko niliokuwa nikiupita kwa gia ya tatu bila shida, sasa lilitaka gia ya pili. Nguvu ilikuja pale tu injini ilipolia kwa ukali, mahali ambapo mtu wa kawaida hafiki mara mbili kwa wiki.

Hedi ya pili niliifanya kwa kuondoa chuma kidogo sana, labda robo ya nilichoondoa kwenye ya kwanza, nacho nilikiondoa mahali pamoja tu: chini ya siti za valvu, zile pete ambazo valvu hukalia ikifunga. Hiyo ndiyo iliyonipa gari ninaloliendesha mpaka leo. Mwongozo huu ni wa hedi ya pili. Nimeuandika kwa mfano wa 4K kwa sababu ni injini rahisi, hedi yake ni ya alumini, ina valvu mbili tu kwa kila silinda, na vipuri vyake bado vinapatikana. Kanuni zake zinafaa kwa injini nyingi za aina hiyo.

Kwa nini tundu kubwa si jibu

Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda inavuta hewa mara 25 kwa sekunde, na kila mvuto una takribani sehemu moja ya mia ya sekunde. Ndani ya muda huo hewa lazima ianze kusogea, ipinde kona, ipite pembeni mwa valvu na kujaza silinda. Hewa ina uzito. Ikiwa na kasi, inaendelea kujisukuma kuingia hata pistoni ikiwa imefika chini na kuanza kupanda. Ukipanua njia kupita kiasi, hewa ileile inapita polepole, na msukumo huo unapotea. Kwenye injini ya kabureta kuna hasara ya pili: petroli inayosafiri kama ukungu hudondoka na kushika kuta pale hewa inapopungua kasi, halafu inaingia kwenye silinda kama matone yasiyoungua vizuri.

Toyota wenyewe walilionyesha hili kwenye injini ya 4A-GE. Matoleo ya mwanzo yalikuwa na njia kubwa za kuingiza, na ikabidi wafunge mfumo uitwao T-VIS, unaoziba nusu ya njia injini ikiwa kwenye mizunguko ya chini, ili kurudisha kasi ya hewa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walitoa toleo lenye njia ndogo zaidi, bila T-VIS, likiwa na mgandamizo mkubwa zaidi. Nguvu iliongezeka.

Sasa angalia hesabu ndogo. Tuchukulie valvu ya kuingiza yenye kipenyo cha mm 36 (pima ya kwako kwa vernia). Ikifunguka mm 2, nafasi ya hewa kupita kuizunguka ni 36 × 3.14 × 2, yaani mm za mraba 226 hivi. Tundu lililo chini yake lenye kipenyo cha mm 31.5 lina mm za mraba 779. Hewa haijali tundu lako la 779 wakati mlango una 226. Mpaka valvu ifunguke karibu mm 7, kinachobana ni ukingo wa valvu na siti yake. Ndiyo maana pembe za siti, na zile milimita 15 za kwanza chini yake, zina thamani kuliko njia nzima iliyobaki.

Kabla hujagusa chochote

Pima kompresheni ya silinda zote nne injini ikiwa ya moto. Kama silinda moja iko chini sana na ukidondoshea oili kidogo kupitia tundu la plagi inapanda, tatizo ni ringi za pistoni, na kupoti hedi hakutakusaidia. Tengeneza kwanza injini yenyewe. Usitarajie pia gari la mashindano. Hedi iliyofanywa vizuri kwenye injini ya barabarani inakupa mvuto wa wazi kuanzia katikati ya mizunguko kwenda juu, injini inayopumua bila kujikaza, na silinda nne zinazofanya kazi sawasawa. Hilo la mwisho watu hulidharau, nami nalithamini kuliko yote.

Halafu tafuta hedi ya skrepa. Dar unaweza kuipata Gerezani, Nairobi nenda Grogan au Kirinyaga Road, na kila mji una mahali pake. Tafuta iliyopasuka au kupinda kiasi cha kutofaa, ununue kwa bei ya alumini. Ikate kwa msumeno wa chuma ukipitia katikati ya njia moja ya kuingiza na moja ya kutoa. Utaona kwa macho ukuta una unene gani, maji yanapita wapi, matundu ya boluti yako karibu kiasi gani. Hakuna mchoro utakaokufundisha kama hicho kipande. Kilichobaki kitumie kufanyia mazoezi ya mkono.

Vifaa

Unahitaji mashine ndogo ya kusagia yenye shingo nyembamba, ile mafundi wanaiita dai grinda, ya umeme au ya upepo. Kama ni ya upepo hakikisha kompresa yako inaweza kuilisha. Nyingi ndogo za nyumbani huishiwa baada ya dakika moja. Nunua vichwa vya kukatia vya kabaidi vyenye meno mapana yaliyotengenezwa kwa alumini: kimoja chenye umbo la yai, kimoja cha mviringo, vyote vyenye shina refu. Meno membamba ya kukatia chuma hujaa alumini ndani ya sekunde chache. Pakaza nta ya mshumaa kwenye kichwa kila baada ya muda, alumini haitaganda. Wapo wanaotumia mafuta ya taa. Mimi siyataki karibu na mashine inayotoa cheche. Jiwe la kawaida la grinda usilitumie kwenye alumini kabisa, linajaa, linapata joto na linaweza kupasuka.

Zaidi ya hapo: drili ya kawaida, misasa ya namba 60, 80 na 120, fimbo iliyopasuliwa ncha ya kuvingirishia msasa, vernia, fila geji (bamba nyembamba za kupimia nafasi), rula ya chuma iliyonyooka kweli, klempu ya kubania springi za valvu, bomba la sindano la mililita 20 au zaidi, na kipande cha plastiki ngumu inayopitisha mwanga. Miwani inayofunga pande zote si hiari. Vumbi la alumini ni sindano ndogo sana, na huruka kuelekea usoni kwa sababu ndiko tundu linakoelekea. Vaa barakoa ya vumbi. Usivae glavu za kitambaa karibu na kichwa kinachozunguka.

Kufungua

Injini iwe baridi kabisa, ikiwezekana imelala usiku kucha, maana hedi ya alumini ikifunguliwa ikiwa ya moto hupinda. Mwaga maji ya redieta, toa kabureta, manifoldi, yaani mabomba ya kuingiza hewa na kutoa moshi (kwenye 4K yako upande mmoja), kava ya valvu, shafti ya roka (mikono inayozifungua valvu). Toa pushirodi, zile fito zinazozisukuma roka, moja moja na kuzichomeka kwenye kipande cha boksi ulichotoboa matundu na kuyaandika namba. Kila moja imezoea mwenzake, zisichanganyike. Boluti za hedi legeza kuanzia za nje ukiingia katikati, kidogo kidogo, kwa mizunguko mitatu. Hedi ikigoma kutoka, usichomeke bisibisi katikati yake na bloku. Igonge pembeni kwa nyundo ya mpira.

Neno moja kwa wenye Peugeot 504: injini yenu ina silinda za kuvishwa zinazozungukwa na maji. Hedi ikishatoka, msizungushe injini kabla ya kuzibana silinda hizo kwa vipande vya chuma na boluti, la sivyo zitanyanyuka, muhuri wa chini utaachia, na maji yataingia kwenye oili.

Valvu nazo ziwekwe kwa namba. Kusafisha masizi tumia mswaki wa waya laini na petroli au dawa ya kuondolea grisi. Angalia sana hapa: usikubali hedi ya alumini ichemshwe kwenye kostiki soda. Kwa hedi za chuma ni sawa, lakini alumini inaliwa. Nimeona hedi nzuri ikirudi kutoka kuoshwa ikiwa na uso wa mawe ya pwani.

Ikishakuwa safi, tafuta nyufa, hasa kwenye ule ukuta mwembamba kati ya siti mbili. Weka rula kwenye uso wa hedi, kwa urefu na kwa mshazari, jaribu kupitisha fila geji ya mm 0.05. Ikipita, hedi itahitaji skimu (kusawazishwa uso wake kwa mashine), lakini skimu ni mwishoni. Chomeka valvu, iinue kama mm 8, itikise kushoto na kulia. Ikicheza waziwazi, gaidi (bomba dogo linaloongoza shina la valvu) imechakaa na ibadilishwe sasa, kabla ya kazi ya siti.

Kuchora

Chukua gasketi mpya ya manifoldi, ifunge mahali pake kwa boluti, paka uso rangi ya kalamu nzito na uchore mduara wa ndani kwa msumari. Watu wengi hudhani kupoti ni kufuata huo mstari. Hapana. Mstari unakuonyesha mpaka usiouvuka, na pia mahali hedi na manifoldi zisipokutana sawa. Hatari ni kijingazi, yaani ukingo kama daraja la ngazi, kinachoikabili hewa inayokuja. Upande wa kuingiza, tundu la manifoldi likiwa dogo kidogo kuliko la hedi hakuna shida. Likiwa kubwa, hewa inagonga ukuta wa hedi. Upande wa kutoa ni vivyo hivyo: tundu la bomba liwe kubwa kidogo kuliko la hedi, na kile kijingazi kidogo husaidia kuzuia moshi usirudi nyuma. Kwa hiyo ondoa vijingazi vibaya tu, uvipoteze taratibu kwa urefu wa sentimita mbili hivi kuingia ndani, na usiongeze zaidi ya hapo.

Kazi yenyewe: bakuli na koo

Sasa geuza hedi, uangalie kupitia siti. Chini ya siti kuna nafasi pana kidogo, nitaiita bakuli, na sehemu nyembamba kuliko zote chini tu ya siti, nitaiita koo. Kiwandani koo hukatwa kwa mashine inayoshuka wima, njia nyingine hutoka kwenye kalibu ya kumiminia. Pale zinapokutana hubaki ukingo mkali unaozunguka. Uguse kwa kidole, utausikia. Ukingo ule unaivuruga hewa mahali ilipo na kasi kubwa kuliko pote. Kuuondoa na kuacha mteremko laini kutoka siti mpaka bakuli ndiyo zaidi ya nusu ya faida ya kazi hii yote.

Koo liwe na kipenyo kati ya asilimia 86 na 88 ya kipenyo cha valvu. Kwa valvu ya mm 36 ni mm 31 hadi 31.7. Ukifika 90 umekaribia mwisho wa usalama, kwa sababu siti inakosa mgongo na hewa inashindwa kugeuka. Pima kabla ya kukata. Huenda koo lako tayari liko karibu na kipimo, na kazi iliyobaki ni kulainisha tu.

Shika mashine kwa mikono miwili, egemeza kiganja kwenye hedi, na kichwa kitembee muda wote kwa duara. Kikisimama sekunde moja kinachimba shimo. Chomeka valvu ya zamani ambayo hutaitumia tena unapofanya kazi upande wa chemba ya mwako, ili kulinda siti. Unapofanya kazi chini ya siti hakuna kinga, ila mkono wako na subira. Anza na silinda usiyoiogopa sana, maana ya kwanza huwa ya kujifunza, lakini usiimalize. Fanya hatua moja kwenye zote nne, kisha hatua inayofuata kwenye zote nne. Ukimaliza silinda moja kabisa ndipo uhamie nyingine, hazitafanana kamwe.

Kwenye kona ambapo njia inageuka kushuka kwenye valvu kuna pande mbili: kona ya nje, ndefu, iliyo juu, na kona ya ndani, fupi, iliyo kwenye sakafu. Hewa yenye kasi inapenda kwenda moja kwa moja, kwa hiyo inabanana kona ya nje na kuiachia kona ya ndani. Macho yanakudanganya uishushe sakafu ili njia ionekane pana, lakini ukifanya hivyo kona fupi inakuwa kali zaidi na hewa inaachana nayo kabisa. Hilo ndilo kosa nililolifanya kwenye hedi ya kwanza. Sakafu iache. Kona fupi iondolee ncha kali tu kwa msasa, iwe mgongo wa yai na si ukingo wa meza. Chuma cha kuondoa, kama kipo, kitoke juu na kwenye kuta za pembeni ndani ya bakuli.

Gaidi ya valvu ina nundu ya alumini inayoishikilia. Upande wa kuingiza inyembeshe kama pua ya mtumbwi, upande unaopokea hewa na upande unaoiachia. Upande wa kutoa punguza kidogo sana, na gaidi yenyewe usiikate, kwa kuwa valvu ya kutoa inategemea gaidi na siti kuutoa moto wake. Njia ya kutoa kwa ujumla usiipanue. Toa masizi, ondoa vipele vya kalibu, lainisha bakuli. Moshi unatoka kwa nguvu ya mlipuko, hauhitaji kubembelezwa kama hewa inayoingia.

Kuna mahali lazima usimame. Sauti ya mashine ikibadilika na kuwa kama inapiga kopo, ukuta ni mwembamba. Rejea kile kipande ulichokata. Ukitoboa mpaka kwenye maji, mtu mwenye ustadi wa kuchomelea alumini anaweza kuziba, lakini siti za jirani zinaweza kulegea kwa joto hilo.

Kuhusu kung'arisha: njia za kuingiza maliza kwa msasa namba 60 au 80 na uziache hivyo. Ule ukwaruzo mdogo husaidia petroli isitambae kama utando ukutani. Njia za kutoa na chemba za mwako ndizo zinazofaa kulainishwa zaidi, 120 na kupanda, kwa sababu masizi hushika kwa shida kwenye uso laini.

Kulinganisha silinda nne

Njia rahisi ni kukata vipande vya kadibodi vyenye umbo la bakuli la silinda iliyokuridhisha, na kuvijaribisha kwenye nyingine tatu. Njia bora zaidi nimeitengeneza kwa mashine ya kufyonzea vumbi. Kipenyo cha silinda ya 4K ni mm 75, na bomba la plastiki la inchi tatu linakaribia hapo. Hedi inakaa juu ya bomba, chemba ikiwa katikati yake, mashine inavuta kutoka chini. Valvu iwe na springi laini, na boluti iliyofungwa kwenye kipande cha bapa inaisukuma ifunguke mm 2, 4, 6 na 8. Pembeni mwa bomba toboa tundu dogo, unganisha mpira mwembamba uliopindwa kama herufi U wenye maji ya rangi. Kadiri njia inavyopitisha hewa vizuri, ndivyo maji yanavyopanda kidogo.

Umeme wetu unapanda na kushuka, na mashine inavuta tofauti saa moja na nyingine. Kwa hiyo kabla ya kila kipimo weka juu ya bomba bamba lenye tundu moja la kipimo kilekile na uandike maji yamefika wapi. Kama kipimo cha bamba kimebadilika, subiri. Kifaa hiki hakikupi namba za kujivunia mbele ya watu, lakini kitakuonyesha kwamba silinda ya tatu iko nyuma ya wenzake ikiwa valvu imefunguka mm 4, na hapo unajua pa kurudi na msasa.

Siti na valvu

Hii si kazi ya nyumbani, na fedha usiyoitumia kwenye vifaa itumie hapa. Peleka hedi kwa fundi mwenye mashine ya kukata siti, umwombe pembe tatu: 30 juu, 45 pale valvu inapokaa, 60 chini kuelekea koo. Upana wa ile ya 45 uwe mm 1.0 hadi 1.5 kwa valvu ya kuingiza, na 1.5 hadi 2.0 kwa ya kutoa, kwa sababu ya kutoa huupitishia moto wake hapo. Fundi akikuambia kusaga valvu kwenye siti kwa dawa ya kusagia peke yake kunatosha, mweleze kwa heshima unachotaka. Siti ikatwe baada ya kupoti, kamwe si kabla, maana kichwa cha kabaidi kikiteleza mara moja tu siti imekwisha.

Nyumbani unasaga valvu kwa dawa laini kidogo tu, mpaka utepe wa kijivu ulio sawa uonekane pande zote mbili. Funga springi, laza hedi, mimina petroli kwenye njia na usubiri dakika kumi. Chemba ibaki kavu.

Kupima chemba, na somo la Korogwe

Weka hedi chemba zikiangalia juu, valvu na plagi zikiwa zimefungwa. Paka grisi ukingoni, funika kwa ile plastiki yenye tundu dogo, na ujaze maji yenye rangi na tone la sabuni kwa bomba la sindano mpaka kiputo cha mwisho kitoke. Andika. Silinda nne zisitofautiane zaidi ya nusu cc. Zenye chemba ndogo ziongezee kwa kulainisha ukuta ulio karibu na valvu ya kuingiza, ambao huwa unabana hewa, bila kuvuka mstari wa gasketi.

Hesabu ya mgandamizo, yaani hewa inabanwa mara ngapi, ni hii. Silinda ya 4K (mm 75 kwa 73) inazoa cc 322.5. Tuseme chemba ni cc 33, gasketi iliyobanwa mm 1.2 yenye tundu la mm 76 inachukua 5.4, na juu ya pistoni imebaki 1.9. Jumla 40.3. Uwiano ni (322.5 + 40.3) ÷ 40.3, yaani 9.0. Ukiishusha chemba mpaka cc 30, jumla ni 37.3 na uwiano ni 9.65. Kila mm 0.1 ya skimu inaondoa chini ya cc 0.44, kwa hiyo cc 3 ni zaidi ya mm 0.68. Hiyo ni skimu kubwa. Ukiifanya, bandika plastisini juu ya pistoni, funga kwa gasketi ya zamani, zungusha injini kwa mkono, fungua na ukate plastisini upime: usikubali chini ya mm 2 kwa valvu ya kuingiza na 2.5 kwa ya kutoa.

Mimi nilikwenda 9.65. Arusha gari lilikuwa tamu. Nikashuka nalo Tanga, na baada ya Korogwe, kwenye mwinuko mdogo, nikasikia kokoto zikitikiswa ndani ya kopo. Injini ilikuwa inagonga, yaani mchanganyiko wa petroli na hewa ulikuwa unalipuka wenyewe. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya bahari, na shinikizo la hewa huko ni pungufu kwa karibu asilimia 15 ukilinganisha na pwani. Huko juu silinda haikuwa ikijaa kama huku chini. Hewa nzito ya bondeni ilijaza zaidi, ikagandamizwa zaidi, na kabureta niliyoisawazisha Arusha ikawa inatoa petroli chache kuliko hewa hiyo ilivyohitaji. Anayeishi Nairobi na kwenda Mombasa yumo kwenye hesabu hiyohiyo, tena kwake tofauti ni kubwa zaidi. Kama gari lako linashuka pwani, piga hesabu ya mgandamizo kwa ajili ya pwani. Anayeishi Dar asivuke 9.2 au 9.3 kwa petroli ya kawaida kwenye injini hii.

Kuosha na kufunga

Osha hedi kwa maji ya moto na sabuni ya unga, tumia brashi ndefu kwenye kila njia, kila gaidi na kila tundu la oili, kisha upepo wa kompresa, halafu rudia. Punje moja ya alumini kwenye shina la valvu itaanza kulichimba siku ya kwanza. Kausha, paka mashina oili, weka sili mpya, springi, na vile vikabari viwili vidogo vinavyoishikilia springi kwenye shina. Gonga ncha ya shina la kila valvu kwa nyundo ya mpira ili vikabari vikae.

Gasketi mpya siku zote. Matundu ya boluti kwenye bloku yasiwe na maji wala oili chini yake, kwani boluti ikikandamiza umajimaji inaweza kupasua bloku. Kaza kuanzia katikati kwenda nje, kwa hatua tatu, kwa toki renchi (spana yenye kipimo cha nguvu ya kukaza) na namba ya kitabu cha injini yako. Baada ya skimu pushirodi zinakuwa ndefu kwa roka, kwa hiyo legeza skrubu zote za roka kabla ya kuifunga shafti, kisha weka nafasi ya valvu upya. Washa, ifikie joto, zima, pima nafasi tena.

Baada ya hapo ndipo kabureta na taimingi (wakati wa cheche ya plagi). Njia zinazopumua vizuri zinabadilisha mahitaji ya jeti (kitundu cha kupimia petroli ndani ya kabureta), na ukiacha za zamani unaweza kuunguza valvu ya kutoa bila kujua. Endesha kilomita kadhaa kwa mzigo, zima injini hapohapo bila kuiacha iungurume, toa plagi. Rangi ya kahawia hafifu kwenye kauri ndiyo unayoitafuta. Nyeupe ni petroli chache, ongeza jeti. Nyeusi yenye masizi makavu, punguza.

Kwenye distribyuta yangu nimechora mistari miwili kwa msumari: mmoja wa Arusha, mwingine nyuzi tatu nyuma yake. Nikishuka Tanga nasimama Mombo, injini ikipoa kidogo nabadilisha jeti kuu kwa ile kubwa niliyoifunga kwenye kitambaa ndani ya dashibodi, narudisha distribyuta kwenye mstari wa pili, na kukaza boluti. Ni kazi ya dakika ishirini, na kokoto sijazisikia tena.